Ugali wa Mgeni

Enzi zetu pale Kinampanda, jiwe lilituamsha kabla ya jogoo. Bibi alipiga magoti, akaegemeza jiwe dogo juu ya kubwa, na uwele ukalia kama mvua ya mbali. Jiwe lile kubwa lilikuwa na bonde katikati, limechimbwa na mikono ya mama yake na ya mama wa mama yake. Nilikuwa nikilaza kiganja humo, kana kwamba nimewashika mikono watu nisiowajua.

Ugali wake ulikuwa wa kijivu, na mlenda ulivutika mpaka kidevuni tukachekana. Sembe nyeupe ya dukani ilipikwa akija mgeni tu. Basi sisi watoto tuliomba wageni kama wakubwa wanavyoomba mvua. Tukiona baiskeli kwa mbali tulikimbilia kupokea mzigo: "Shikamoo mjomba, karibu nyumbani," hata kama hatumjui.

Bibi alicheka. "Nyeupe ni ya mgeni," alisema, "na mgeni hakai."

Tulipohamia Singida mjini, Mama aliapa kwamba wanawe hawatauona uwele tena. Tukala nyeupe mchana na usiku, chai ikawa sukari tupu, na kwa miguu hatukwenda tena popote. Tuliona tumefika.

Mwaka jana kidonda kwenye mguu wa Mama kilikataa kupona. Daktari akasema ni kisukari. Asipofuata dawa na kubadili chakula, mguu huenda ukakatwa.

Nilimpeleka kwa Bibi, ambaye bado hulima kwa jembe la mkono. Alikitazama kile kidonda, akaenda kusonga ugali. Mama alipouona ukija akanuna.

"Mama, nimekuja mgonjwa, unanipa uwele?"

"Kwani wewe ni mgeni hapa?"

Mama akainama, akanawa, akala.

Zamani hapakuwa peponi. Njaa tuliijua, na surua ilituchukulia wenzetu. Dawa Mama hajaziacha. Lakini kidonda kimefunga, na mguu upo.

Vijana wa leo huuita uwele "lishe", na kuupiga picha kabla ya kuuonja. Jiwe la Bibi sasa limelala kimya nyuma ya jiko, maana yeye husagisha mashineni. Juzi binti yangu alilaza kiganja kwenye lile bonde. Kisha akautazama ugali wa kijivu, akatazama njiani, akaninong'oneza:

"Leo hakuna mgeni?"