Maziwa Yaliyomwagwa Mtamboni

Majirani walimwita Mama Hakitupwi, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Kwake hakitupwi kitu, bwana! Kinyesi cha ng'ombe kiliingia kwenye mtambo wa gesi aliojenga marehemu mumewe nyuma ya zizi. Gesi ikapika, ikawasha taa, ikawatia vifaranga joto bandani. Tope lililobaki likaenda kwenye mboga, na majani ya mboga yakarudi kwa ng'ombe. Mwanamke alitembea kifua mbele. Aliyechoshwa na maneno yake ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekaa ng'ambo ya uzio na kuacha samadi irundikane mlangoni.

"Shemeji, unakalia moto halafu unanunua mkaa!" alikuwa akimtania kila alipomwona na gunia, na kicheko juu.

Basi ng'ombe mmoja akavimba kiwele. Bwana mifugo akaja, akachoma sindano, akasema maziwa yake yasinywewe na mtu mpaka dawa iishe mwilini. "Yamwage tu, mama," akasema, akapanda pikipiki akaenda zake.

Ayamwage! Yeye huyu? Alisimama na ndoo mkononi, maziwa yanatoa povu, roho inamuuma. Mtu asinywe, sawa, lakini mtambo si mtu. Akayamimina mtamboni, akaongeza na kinyesi cha yule mgonjwa, akajiona ana akili kuliko daktari. Kesho yake akafanya vivyo hivyo, na siku zilizofuata.

Mvua zikaanza, na baridi yake si ya mchezo. Vifaranga wapya walikuwa hawajaota hata manyoya. Asubuhi moja akawasha jiko. Moto ukachungulia, ukazima. Akatoka mbio hadi bandani. Kichomeo cha gesi kilikuwa cha baridi, na vifaranga wanalia kwa pamoja. Akafungua bomba, akagonga, akapuliza, wapi! Akampigia simu bwana mifugo.

"Yale maziwa uliyamwaga wapi?" akaulizwa.

Akamwambia.

"Mama, gesi yako inatengenezwa na vijidudu wanaokula kile kinyesi. Dawa niliyochoma ni ya kuua vijidudu. Umewaua wote. Uzoe tope lote, uanze upya."

Loo! Kuzoa tope ni kazi ya siku nyingi, na vifaranga hawakuwa na hata siku moja. Akawafunika kwa kanga zake, akaongeza blanketi la kitandani, akaziba nyufa kwa magunia. Bado walilia. Mkaa ulikuwa ng'ambo ya uzio, alijua. Akaenda mpaka kwenye uzio, akarudi. Angeanzaje, kwa mdomo ule ule? Akaenda tena, akasikia shemeji anakohoa ndani, akarudi tena. Sauti za bandani zikaanza kupungua, naye akajidanganya kwamba wamepata joto, wamelala.

Mchana akaimeza aibu, akavuka uzio. "Shemeji," akasema, macho chini, "naomba mkaa."

Alingoja achekwe. Shemeji hakucheka. "Mbona hukusema tangu asubuhi?" akauliza, akabeba jiko lake likiwa linawaka, akatangulia.

Banda lilikuwa kimya. Vifaranga walikuwa wamerundikana pembeni, kila mmoja akitafuta joto chini ya mwenzake, na wa juu na wa chini wote wamekufa. Shemeji akaweka jiko katikati, kwa kukosa la kufanya. Mama Hakitupwi alimwokota mmoja, akampulizia pumzi, akamweka kifuani, akamwokota mwingine. Hakuna aliyetikisika. Akawatia kwenye ndoo, ile ile ya maziwa, na miguu ikampeleka yenyewe mpaka kwenye mdomo wa mtambo.

"Shemeji," yule mdogo wa marehemu akamwita taratibu, "hao watupe tu."

"Sijui kutupa," akasema. Akakaa chini pale pale kwenye tope, ndoo mapajani, akalia kwa sauti, mvua inamnyeshea.