Riba Isiyokatwa Kodi

Mzee hakuwa mzee. Alikuwa na miaka arobaini na mitano hivi, karani katika ubalozi mmoja Washington, na tulimwita Mzee kwa sababu ndiye aliyetupokea wengi wetu uwanja wa ndege, tukitetemeka ndani ya makoti ya kuazima. Mtu akishakubebea sanduku siku ya kwanza, unakuwa mdogo wake maisha yako yote. Kwa miaka mingi nimependa kusema kwamba kilichotuponza ni ujinga wake.

Alikuwa na kadi ya ubalozi. Akiionyesha dukani hakatwi kodi ya mauzo, naye hakuona haya kuionyesha hata kwa chupa ya soda, huku foleni nyuma yake inakohoa. Jumamosi moja alitutangazia kwamba benki nazo ni hivyo hivyo: mtu wa ubalozi anajaza fomu moja ya mgeni, na riba yake haiguswi na serikali. Sisi wengine, watunza wazee, wafagiaji wa ofisi, makarani, tulikuwa tunakatwa. Basi, akasema, kwa nini tusiweke zote kwa jina lake?

Tukaweka. Watu wazima kumi na wawili, wengine na vyeti vya chuo kikuu vimening'inia ukutani, kila mmoja alitoa dola elfu moja na mia nne, zile za kufunga mkanda miaka miwili, akamkabidhi mwanamume mmoja, ili aokoe kodi ambayo kwa mwaka mzima isingefika dola kumi na mbili kwa kichwa. Tungeokoa zaidi kwa kuacha kuagiza pizza.

Kazi yangu mimi ilikuwa kutafuta viwango. Nilikuwa napokea simu kwa daktari wa meno Falls Church, na nilisifiwa kwa Kiingereza kisichokwama, kwa hiyo saa ya chakula nilizipigia benki moja baada ya nyingine na kuuliza leo mnatoa ngapi. Jumapili nilikata jedwali la riba kwenye gazeti na kulibandika ndani ya daftari. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulikutana kwangu, tukafungua kwa sala, chapati zikapita, nami nikasoma viwango kwa sauti. Watu walinyamaza kuliko walivyonyamaza kanisani. Hii imepanda, ile imeshuka, ile nyingine inadai amana kubwa zaidi. Nilijiona waziri wa fedha.

Mara tatu tulihamisha pesa ile. Mara ya tatu Mzee aliendesha gari mpaka Manassas kwa sababu nilikuwa nimegundua benki ndogo inayotoa robo asilimia zaidi. Alikwama kwenye foleni ya Beltway, barabara kuu inayozunguka jiji, kwenda na kurudi, akapigwa faini ya mwendo kasi, akarudi anameremeta. Hakuna aliyeuliza mafuta yamekula kiasi gani cha hiyo robo. Tulimpigia makofi.

Kisha viwango vikaanza kushuka kila mahali, na mimi nikapata wazo langu kubwa. Tuzifunge, nikasema. Tuchukue amana ya mwaka mzima, ile tuliyoiita sidii, tano na nusu mpaka mwisho, wengine wakilia sisi tunacheka. Ilikuwa sidii moja, jina moja, na haikatwi kipande: ukiivunja kabla ya wakati unaivunja yote, na benki inachukua faini ya riba ya miezi mitatu. Wote waliinua mikono. Mmoja wetu, dada wa Unguja, alisema kama kawaida yake kwamba yeye riba haigusi, ni haramu, atachukua alichoweka tu. Sisi wacha Mungu wengine tulikuwa tumeshakubaliana kugawana ya kwake.

Ilikuwa imebaki miezi miwili sidii iive, mwenzetu mmoja wa Beltsville aliposimama. Alikuwa Mkenya, mjane, mtunza wazee wa zamu mbili, mtu wa kukaa karibu na mlango na kuosha vyombo bila kuombwa. Alikuwa ameingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, na binti yake aliruhusiwa kumfuata kwa sharti moja: akanyage nchi hii kabla hajatimiza miaka ishirini na moja. Viza ilikuwa imechelewa sana Nairobi, na sasa ilikuwa imetoka. Siku ya kuzaliwa ilikuwa wiki saba mbele. Kilichokosekana ni tiketi, na pesa ya tiketi tulikuwa tumeifunga.

"Naomba tu-break hiyo CD," akasema. "Ile penalty yote mtanikata mimi. Ya kila mtu. Itakayobaki itanitosha tiketi."

Mzee aliweka kikombe chini taratibu, kama hakimu.

"Dada, faini sawa, utalipa. Lakini rate je? Tukivunja leo, tunarudi sokoni kwenye tano. Hii tano na nusu tutaipata wapi tena?"

"Two months ni nini, jameni?" kaka mmoja akadakia. "Si angoje tu?"

"Akingoja atakuwa ametimiza," akasema yule mama. "Hawatamruhusu."

Hapo mtu angeweza kusema, basi tuchange. Kulikuwa na watu kumi na wawili sebuleni na magari tisa nje. Lakini kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu ilikuwa ile ile: pesa yangu iko kwenye sidii. Dada wa Unguja peke yake aliinua mkono kwamba ivunjwe. Mtu akanong'ona kwamba kwake ni rahisi, yeye riba haimhusu. Mzee akasema tuombe, Mungu atafungua njia, na tukafumba macho, tukaomba kwa dakika nyingi na kwa machozi.

Lakini mimi sikuwa nimefumba macho. Nilikuwa na kalkuleta mapajani, na wakati wanaomba nilipiga hesabu nyuma ya bahasha. Faini analipa yeye. Kinachobaki ni tofauti ya nusu asilimia kwa miezi miwili tu. Niliipiga mara mbili nikidhani nimekosea nukta. Kila mmoja wetu angepoteza dola moja na senti kumi na saba.

Nilijua, na Mzee hakujua. Hesabu zake zilikuwa za kuona tano na nusu ni kubwa kuliko tano. Ningetamka kile kiasi kwa sauti, wangeona aibu, wangekubali kabla chai haijapoa. Sikusema. Ile tano na nusu nilikuwa nimeitafuta mimi, kwa simu zangu, kwa Kiingereza changu, na sikutaka aiharibu mtu wa kukaa karibu na mlango. Amina ilipoitikiwa niliitikia, nikaikunja bahasha.

Sidii iliiva. Mzee alikuja na bahasha kumi na mbili na karatasi aliyoipiga chapa kazini, yenye safu ya kodi tuliyookoa: dola kumi na moja na senti hamsini na tano. Wenzangu waliishangilia safu hiyo. Binti alikuwa ametimiza miaka ishirini na moja siku tisa kabla. Yule mama alisaini, akahesabu pesa zake, akanifuata jikoni nilikokuwa nageuza chapati.

"Dada, wewe ndiye wa hesabu," akaniuliza polepole, bila ugomvi. "Siku ile, tungevunja, mngepoteza kama ngapi hivi? Nataka tu kujua. Labda ilikuwa nyingi."

Alitaka iwe nyingi. Alikuwa amenishikia mlango wa huruma wazi kabisa.

"Nyingi," nikamwambia. "Ilikuwa nyingi sana."

Akatikisa kichwa kukubali, akanishukuru, akakunja mikono ya sweta, akaanza kuosha vyombo.