Induru ya Madame mu Opera

Ile miaka ya kwanza ya uhuru, madame mumoja wa Kinindo, mutaa ya wazungu kando ya ziwa, aliniomba binti yangu akacheze mu opera. Opera ni mchezo ya kuimba tu, hata chumvi wanaiomba kwa kuimba. Muziki yenyewe ilikuwa ya kisasa, kama sufuria elfu zinaanguka. Ati ni hadisi ya Wagiriki wa zamani. Hakuna mutu aliniambia kama mu hiyo hadisi kuna mama anaua watoto yake!

Nilikaa nyuma kabisa. Madame, ndiye alicheza huyo mama, akashika mutoto wangu, akainua kisu, akapiga induru, kelele kubwa ya hatari, mpaka viboko ya ziwa ikatoka mu maji. Na kwetu, ukisikia induru, unakimbia kusaidia. Niliruka viti yote, nikapanda jukwaani, nikamunyanganya mutoto.

Madame akaninongoneza kwa Kiswahili ya soko: "Papa, tafazali, nirudishie mutoto. Sijamuua bado."

Sijamuua bado! Nikamukaza mutoto zaidi.

Binti yangu naye akanisukuma: "Papa, toka, unaniharibia! Nimejifunza kufa mwezi muzima!"

Nikakaa chini palepale, mbele ya wazungu wote, nikamushika mukono mpaka akamaliza kufa.