Nilijifanya Wanawake Kumi na Wanne, Mdogo Wangu Akakosa Cheti

Kosa ni langu. Sitaki kumsingizia shetani, maana siku zile shetani mwenyewe angekuja kuniuliza nimesomea wapi.

Nilikuwa mpishi katika chuo cha ualimu cha kanisa, pale Voi, miaka ya themanini ikianza. Shule niliiachia darasa la tano, baba na mama walipofariki mwaka mmoja, nikabaki na wadogo watatu kule Werugha. Mimi ndiye mkubwa. Nililima kabeji, nikakamua ng'ombe wa watu, na hakuna hata mmoja wao aliyelala njaa. Hilo najisifia. Mengine yote, naomba mnisitiri.

Mdogo anayenifuata, nitamwita Wakesho, alifaulu, akaja kusomea ualimu palepale nilipopika. Siku ya kwanza alikuja dirishani na sahani yake, akaninong'oneza:

"Dada, hapa tusijuane sana. Wenzangu ni watoto wa walimu na wachungaji."

"Haya," nikamjibu. "Nikuongeze maharagwe?"

Nikacheka. Miaka miwili akaniita "Mama Jikoni" kama wengine, na mimi nikaitika. Nilijiambia hainiumi. Uongo wangu wa kwanza ulikuwa huo.

Sasa, chuo kile kilitaka mwalimu ajue kufundisha na ajue pia kumshauri mtu mwenye shida. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitakiwa atafute mtu mmoja, amsikilize majuma manne, aandike taarifa. Mtu huyo asiwe jamaa yake wala mfanyakazi wa chuo. Bila taarifa, hakuna cheti. Na jina halikuandikwa, ili siri ya mtu itunzwe. Aliandikwa Mama A, Mama B, basi.

Lakini niambieni, nani Voi angemweleza mambo ya ndoa yake msichana wa miaka ishirini na moja aliyeshika daftari? Wake za watu wa reli walimcheka Wakesho mchana kweupe. Mama mmoja wa Marungu alimwambia, "Mwanangu, olewa kwanza, kisha urudi nikueleze."

Yalipobaki majuma matano, Wakesho aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma, macho mekundu.

"Dada, sijapata mtu. Nitarudi nyumbani bila cheti."

Moyo ulinipasuka. Kulikuwa na shule Njukini iliyokuwa ikimngoja. Tulikuwa tumepanga akianza kazi awachukue wale wadogo wawili, na mimi nipumue kidogo. Yote yalining'inia kwenye cheti hicho.

"Kaa hapo," nikamwambia. "Shika kisu, menya viazi. Mtu mwenye shida ni mimi."

"Shida gani?"

"Mume wangu ni mlevi."

"Dada, wewe huna mume!"

"Basi shida ni mbili. Andika."

Jamani, alicheka mpaka kisu kikamponyoka! Lakini aliandika. Mchungaji aliyewafundisha somo hilo, mtu mpole kutoka Bara, aliipa taarifa yake ya juma la kwanza alama nzuri kuliko zote.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuungama. Lakini mwenzake wa bwenini akaja na daftari lake. Akaja na mwingine. Nami nikaanza kunogewa! Wanaingia mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, wanamenya viazi na kuchagua maharagwe, mimi nimekaa kwenye kigoda nikisikilizwa. Mtu kama mimi nilisikilizwa lini tena? Mwezi mzima sikumenya kiazi hata kimoja.

Nilikuwa Mama A mwenye mlevi. Nilikuwa Mama D ambaye wifi zake wamemfungia ghala. Mume wa Mama F, mfanyakazi wa shamba la mkonge, alikuwa ametorokea Taveta na muuza ndizi, akabeba hata chupa ya chai. Hiyo chupa ya chai ndiyo iliyowaliza watu! Mwishowe nilikuwa wanawake kumi na wanne, na waume kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyeniletea kipande cha sabuni.

Jumapili moja Mchungaji alisimama mbele ya kanisa la chuo, sauti ikimtetemeka, akaomba tumwombee mama mmoja aliyeachwa na mumewe, bila hata chupa ya chai. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma. Niliitikia "Amina" kuwashinda wote! Watu wakachanga unga wa kumsaidia Mama F, na unga ukaletwa uhifadhiwe wapi? Jikoni kwangu. Niliusonga ugali, wakaula wenyewe. Nilijiona nimetenda haki.

Kisha akaja mkaguzi kutoka makao makuu ya kanisa, mama mtu mzima, mkimya, mwenye miwani mizito. Alisoma taarifa zote, akainua ya Wakesho.

"Hii nzuri mno," akasema. "Kesho nataka kumwona binti huyu akizungumza na mama huyu, mbele yangu."

Wakesho alikuja jikoni mbio. Tulirudia maswali na majibu mara tano. Akaniazimia gauni la rafiki yake, akanivisha kilemba mpaka kwenye nyusi. Mwishoni akasema, "Na tafadhali, dada, usiketi kama mtu wa jikoni."

Nilinyoosha mgongo.

Asubuhi tulikuwa wanne chumbani: mkaguzi, Mchungaji, Wakesho na mimi. Mezani palikuwa na glasi ya maji. Mchungaji, aliyezoea kuniona na aproni, alinitazama sana.

"Mama, tumewahi kuonana?"

"Labda kanisani, Mchungaji."

"Mungu akubariki."

Wakesho akaanza vizuri. Sauti ya chini, mikono imetulia. Mimi nikajibu kama tulivyopanga: ulevi, matusi, mlango uliovunjwa. Mkaguzi akawa anaandika. Ndipo likaja swali la mwisho.

"Mama, hasira hiyo yote, unamkasirikia nani hasa?"

Nilitakiwa kusema, "Mume wangu." Neno fupi tu!

"Wewe," nikasema.

Wallahi sikupanga! Wakesho akatoa macho.

"Wewe! Nilikubeba mgongoni nikilima. Miaka miwili unapita dirishani pangu unaniita Mama Jikoni. Sikuumbwa jikoni mimi! Niliingia ili wewe usiingie!"

Nikashika glasi, nikapiga funda, na mikono ikakumbuka jambo ambalo kichwa kilikuwa kimelisahau. Sisi Wadawida, watu wa milima ya Taita, tulikuwa na desturi ya wazee, kutasa. Mwenye kinyongo hupiga funda la maji, akayapuliza nje, akataja hasira yake hadharani ili imtoke, kisha anamtakia heri aliyemkosea. Basi nikapuliza! Maji yalienda moja kwa moja kwenye miwani ya Mchungaji na juu ya taarifa ya Mama A.

"Hasira, toka!" nikasema. "Wakesho apate kazi, apate watoto, alale salama!"

Mchungaji akaruka kutoka kitini. "Pepo! Shindwa! Shindwa katika jina la—"

"Kaa, Mchungaji," mkaguzi akamkata. "Hakuna pepo hapa. Mimi pia ni mtoto wa milimani, nimemwona bibi yangu akifanya hivi." Akamgeukia Wakesho. "Binti, mama huyu ni nani wako?"

Nilimwombea aseme hanijui. Kweli kabisa! Angesema mimi ni mwendawazimu, angekipata cheti chake. Nilimkonyeza hata.

Wakesho aliangalia maji yakidondoka mezani.

"Ni dada yangu," akasema. "Ndiye aliyenilea. Hana mume. Ndiye mpishi wetu."

Mkaguzi akavuta zile taarifa nyingine. "Na hawa?"

Nikawa sina budi. "Huyo ni mimi. Huyo pia. Huyo mwenye wifi, mimi. Huyo sijui... ah, ni mimi, nilikuwa na homa siku hiyo."

"Na mama wa chupa ya chai?" Mchungaji akauliza, karibu alie.

"Nisamehe, Mchungaji."

Nilifutwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Hilo si kitu, mikono ninayo. Lakini wasichana kumi na wanne walirudishwa mwaka mzima kwa sababu yangu. Nafasi ya Njukini akapewa mwingine. Wadogo wetu wakabaki kwangu, na kabeji zikabaki kwangu.

Wakesho alinisindikiza hadi stendi akiwa amebeba kikapu changu kichwani, akapita katikati ya wenzake wote. "Huyu ni dada yangu," alimwambia kila aliyetutazama, hata wasiouliza. Mwaka uliofuata alimpata mjane wa kambi ya mkonge, ambaye majuma mawili hakumwambia lolote ila "karibu" na "kwaheri." Akangoja. Akapata cheti chake kwa jasho lake.

Kwa hiyo nyinyi mlio wakubwa wa nyumba, mnaowalea wadogo zenu, nawasihi: msiwafanyie mtihani wao, hata wakija wakilia. Na wakiwaumiza, waambieni siku hiyohiyo, nyumbani, mlango umefungwa. Mimi nililibania neno moja miaka miwili, likatoka siku ambayo kulipia alilipia yeye.