Bibi Harusi na Injini ya Pili

Juzi, nilipokuwa nikisubiri zamu yangu kwenye kaunta ya ofisi ya utalii mjini Karatu, bwana harusi mmoja alikuwa akikodi helikopta ya kumchukua mchumba wake kwao Loliondo. Alikuja na shangazi yake na huyo mchumba.

"Ya injini moja ni nafuu," karani alisema. "Ya mbili ni ghali, lakini moja ikizima, nyingine inamrudisha salama kwao."

Shangazi akapiga kaunta. "Imrudishe? Bibi harusi wa Kimaasai akitoka bomani hata kugeuka hageuki! Andika injini moja."

"Sawa, shangazi," bwana harusi akaitikia.

Nilimkaza mwanangu mgongoni. Mchumba akamuuliza karani taratibu, "Kaka, basi la kutoka Loliondo kuja huku huondoka saa ngapi?"

Mimi huona aibu kusema mbele ya wageni, lakini nilijikuta nimejibu: "Saa kumi na mbili asubuhi, dada. Uwahi."