Siku Niliyomsifia Bibi Yangu Kule Mururu

Jamani, chekeni tu, maana hata mimi nimechoka kuificha aibu hii, na isitoshe safari yenyewe najivunia mpaka kesho.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita, nikatumwa kutoka kwetu Tanga kwenda Cyangugu, Rwanda, kutengeneza pampu za mkono zilizokufa wakati wa vita, na nilivyofika nikabaki mdomo wazi: milima imelimwa hadi kileleni, ziwa limetulia kule chini, halafu ghafla unasikia risasi upande wa Bukavu, Kongo, ng'ambo tu ya mto, na watu hawageuzi hata shingo. (Mimi mara ya kwanza nililala chini kabisa, lakini huo ni mkasa mwingine.)

Nilipanga chumba mjini Kamembe kwa Maman Zaina, mama wa Kiislamu muuza vitenge, naye aliposikia naenda kijijini Mururu kuzungumza na watu kuhusu pampu yao akasema atanisindikiza, anieleweshe Kiswahili cha kule. Nikamjibu kwamba mimi mtu wa Tanga, Kiswahili nimekinyonya ziwani mwa mama. Akaja hivyo hivyo, akakaa nyuma.

Mkutanoni wengi walikuwa wanawake, wajane, kimya kabisa. Kung'oa mabomba ya kisima kirefu kunataka mikono mingi, na hawa walishapokea mafundi waliopiga picha wakaondoka. Wasiponiamini, wangeendelea kuteka maji mtoni, ambako askari wa kila namna walikuwa wakipita. Basi nikaamua kuwachangamsha kidogo (kidogo tu, wallahi), nikasema nawaletea salamu za bibi yangu, ambaye hana jino hata moja lakini ananipenda kupita kiasi.

Wakatazamana. Nikadhani nimewapata, nikanoga: bibi yangu ndiye aliyenifundisha kutembea, alinibeba mgongoni, na hadi leo nikitoka safari ananilisha kwa mkono wake. Mama mmoja mzee, Maman Vestina, akauliza taratibu:

"Papa fundi, huyo bibi yako iko na batoto?"

"Amezaa kumi na mmoja," nikasema kwa majivuno. "Baba yangu ni wa tatu."

Mzee mmoja akavua kofia kama yuko msibani. Mwingine akamshika mkewe mkono, wakaanza kuondoka. Nilipoona hivyo nikataka kurekebisha mambo, nikasema wasiwe na wasiwasi, bibi ana mume wake, na sote watatu tunaishi vizuri nyumba moja.

Hapo ndipo Maman Zaina aliposimama kule nyuma.

"Fundi, huku bibi ni muke. Umewaambia umeoa mama ya baba yako."

Nilitamani kutumbukia kisimani. Maman Zaina akawaeleza kwa Kinyarwanda, na wa kwanza kucheka akawa Maman Vestina, akacheka hadi akaegemea jirani yake, kisha wote wakafuata, na wale waliokuwa wanaondoka wakarudi wasikose. Jirani yake aliniambia baadaye kwamba hawakuwa wamemsikia akicheka tangu vita. Alipomaliza akajifuta macho, akafunga kitenge vizuri.

"Muntu wa kujitia haya namna hii hawezi kuwa mwongo," akasema. "Tuende tuvute."

Wakavuta, wee! Mabomba yakatoka moja moja, nikabadilisha vipira vilivyochakaa, tukayarudisha, Maman Vestina akashika mpini akapampu, pampu ikakohoa hewa, ikatapika maji mekundu ya kutu, halafu yakaja meupe, ya baridi, mengi, na vigelegele vikapanda mlima mzima. Walinimwagia ndoo kichwani, nami nikasimama palepale wanimwagie ya pili.

Nilirudi Kamembe nimelowa chapachapa, nimebeba mkungu wa ndizi niliopewa, natembea katikati ya barabara kama waziri. Ila nimeapa: nikifika tena nchi ya watu, sifungui mdomo mbele ya hadhara kabla sijawauliza wenyeji maneno yangu yana maana gani kwao, na habari za familia yangu nitawaeleza wakishaninywesha maji ya pampu yao.