Siku Wapishi Wote Walikuja Kama Wageni

Roda anakaa nyuma ya soko ya Kitengela, na kama umewahi kula kwa sherehe huku kwetu, umekula mapishi ya mkono wake. Matanga, ubatizo, harusi, yeye hufika kabla jua halijatoka, anafunga leso kiunoni na kuanza kumenya viazi. Huku kwetu mama haitwi jikoni. Kumwita ni kumtukana, ni kusema hana akili ya kuja mwenyewe. Na watu humsifu Roda sana. Mwingine anayesifiwa hivyo namjua mmoja tu, punda: anapapaswa shingo, kisha anaongezewa mzigo.

Basi msichana wake Shiro akapata mchumba wa Gataka, kule Rongai. Siku ya wakwe kuleta mahari, Roda hakuita mtu. Angeitaje? Alijua wanawake wenzake watakuja wenyewe.

Walikuja, ee. Jua limeshapanda, wamevaa vitenge vya kufanana, vilemba juu kama antena. Keziah, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, alikuwa na kucha ndefu kama za mwewe. Wakapita jikoni bila kugeuza shingo, wakaketi kwa tenti. Mimi nikamkuta Roda peke yake kwa moshi, gunia la viazi halijaguswa, anatoa machozi hata sijui ni ya kitunguu ama ya uchungu. Na mama ya msichana lazima wakwe wamkute ameketi, msafi, ndio wamwombe mtoto. Wakimkuta na masizi watasema wanaoa kwa nyumba isiyo na watu.

Nikaenda kwa tenti, damu imenipanda.

"Keziah, mnangoja nini?"

"Chai, Mama Wachira," akasema bila haya. "Si Shiro ameandika wapishi wa kulipwa? Ako na kazi kubwa kule kwa shamba la maua Isinya."

"Nani alikuambia?"

Akamwangalia Jentrix. Jentrix akamwangalia Caroline. Kumbe kila mmoja alisikia kwa mwenzake, na hakuna hata mmoja aliuliza Roda. Uongo wa kupumzisha mgongo haukosi mashahidi.

Hapo hapo wakwe wakafika, wakaanza kuimba kwa geti wafunguliwe. Nikamwambia Caroline, mwenye sauti, "Nenda uwafungie geti, tupate muda. Wakiimba, uwajibu kwa wimbo. Wakijibu vizuri, sema hujasikia." Mila inaruhusu, mkwe haingii kama upepo. Kisha nikaburuta gunia mpaka kwa tenti, nikamwaga viazi juu ya meza na maua yao ya plastiki.

"Mama Wachira, kitenge changu!"

"Vua ama menya. Kwangu ni sawa."

Wakamenya. Keziah na zile kucha, nusu ya kiazi ilienda na ganda, lakini sufuria zikapanda motoni. Huko geti wakwe waliimba mpaka sauti zikakauka, na mzee wao akasema hajaona familia inayojithamini namna hii.

Roda nilimwosha uso kwa nguvu, nikamvalisha, nikamkalisha mbele. Wakwe wakaingia, wakamfunika blanketi jipya mabegani, wanawake wakapiga vigelegele. Yeye macho yako jikoni. Mtu akizoea kutumika, hata heshima humwasha kama upupu.

"Mama Wachira," akanong'ona, "wameweka chumvi?" Na akaanza kuinuka.

Nikakalia pindo la blanketi.